Phillip Omondi, mwana wa Wakenya aliyeifikisha Uganda fainali

KANSANGA, Kampala – Kwenye Barabara ya Ggaba, kuanzia Kabalagala hadi Kansanga, si rahisi kujua nani mwenyeji na nani mgeni. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kilichofunguliwa hapa mwaka 2001, kimevuta vijana kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda, Somalia na Sudan Kusini. Kijana wa Homa Bay anapanga chumba jirani na kijana wa Mbeya. Wananunua rolex kwa muuzaji mmoja, na Jumamosi jioni wanabanana kwenye kibanda kimoja kutazama ligi ya Uingereza. Jina la ukoo likitajwa hapa, la Kijaluo au la Kinyakyusa, halimtishi mwenye nalo.

Upande wa pili wa jiji, Lugogo, safari ya bodaboda isiyo ndefu kutoka Kansanga, upo uwanja wa mpira wenye jina la Kijaluo. Unaitwa Omondi. Ni nyumbani kwa KCCA, klabu ya Mamlaka ya Jiji la Kampala, na umepewa jina la mshambuliaji ambaye Waganda wengi wa makamo humtaja wa kwanza au wa pili wanapobishana kuhusu mchezaji bora aliyewahi kuivalia nchi yao jezi. Vijana wengi wanaolitamka jina hilo leo walizaliwa baada ya kifo chake. Wanajua uwanja, hawamjui mtu.

Phillip Omondi alizaliwa mwaka 1957. Wazazi wake walikuwa na asili ya Kenya, na jina lake lilitangaza asili hiyo mahali popote alipofika. Alikufa Aprili 1999, kabla hajatimiza miaka 43. Katikati ya tarehe hizo mbili, Uganda ilipata uhuru, ikawafukuza wafanyakazi wa Kenya, ikawafukuza Waasia, ikagombana na majirani wote wawili wakubwa na kupigana vita na mmoja wao. Wakati huo huo kijana mwenye jina la Omondi alikuwa akiifungia mabao.

Kampala aliyozaliwa ndani yake ilikuwa mji wa Afrika Mashariki kuliko ilivyokuja kuwa baadaye. Reli kutoka Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931, na pamoja nayo wakaja makarani, mafundi, wapishi na vibarua kutoka Nyanza. Nyumba za wafanyakazi wa reli zilijengwa Nsambya, njiani kabisa ukielekea Kansanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ikajenga pia mitaa ya Nakawa na Naguru, mashariki ya mji, kwa ajili ya Waafrika wenye kazi za mshahara. Mtafiti David Parkin aliyeishi kwenye mitaa hiyo miaka ya 1960 aliandika kitabu kizima, kilichotoka 1969, juu ya maisha ya wakazi wake. Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya walikuwa wengi humo. Walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana, walikuwa na timu zao za mpira, na walizungumza Kiswahili na majirani zao katika mji ambao wenyeji wake waliiona lugha hiyo kama ya wageni na ya askari.

Kuna jambo ambalo wasomaji wa upande wa Kenya huenda wamelisahau. Kisumu na sehemu kubwa ya nchi ya Wajaluo zilikuwa ndani ya Uganda hadi mwaka 1902. Waingereza walipohamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia upande wa Kenya, hakuna aliyewauliza wenye mashamba. Mstari ungebaki pale ulipokuwa, mtoto Omondi angekuwa Mganda wa asili bila mjadala. Haukubaki. Kwa hiyo wajukuu wa watu walioamka asubuhi moja wakiwa Wakenya walipokuja kufanya kazi Kampala, walihesabiwa kuwa wageni.

Hesabu hiyo ilikuja kudaiwa mwishoni mwa 1970. Serikali ya Milton Obote iliamua kwamba ajira zinazoshikwa na watu wasio raia zirudi kwa Waganda, na wafanyakazi wa Kenya wanaokadiriwa kufikia 30,000, wengi wao Wajaluo, wakafungasha mizigo na kupanda treni na mabasi kuelekea Busia na Malaba. Mambo hayo yalitokea wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ingali hai, ikiwa na shirika moja la reli, shirika moja la ndege na shirika moja la posta. Mfanyakazi aliweza kuajiriwa na shirika la nchi tatu na bado akafukuzwa na nchi moja. Omondi alikuwa na umri wa miaka 13.

Miezi michache baadaye, Januari 1971, Idi Amin akachukua nchi.

Klabu iliyomlea Omondi ilianza kwa unyonge. Kampala City Council, KCC kwa kifupi, iliundwa mwaka 1963 na Samuel Wamala, mfanyakazi wa halmashauri ya jiji, katika idara iliyoshughulika na majitaka. Wapinzani hawakuiacha asili hiyo ipite hivi hivi. Waliiita timu ya kasasiro, neno la Kiganda lenye maana ya takataka, na mashabiki wa KCC badala ya kuona haya wakalichukua jina na kulivaa. Mpaka leo vijana wa njano wanajiita hivyo kwa kujisifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 timu ilifundishwa na Jaberi Bidandi Ssali, mchezaji wa zamani wa taifa ambaye baadaye angekuwa waziri na hata mgombea urais. Bidandi Ssali alikuwa na macho ya kutambua vijana, na aliijenga KCC kwa damu changa. Omondi alikuwa mmoja wa vijana hao.

Wanaosimulia uchezaji wake wanakubaliana juu ya mambo machache. Hakuwa mshambuliaji wa kusimama kwenye boksi na kusubiri krosi. Aliufuata mpira, akaupokea akiwa bado mbali na lango, kisha akawaendea mabeki. Chenga ndiyo iliyomtambulisha. Kwenye soka la Uganda la wakati huo, lililopenda nguvu na mipira mirefu, mtu wa namna hiyo alikuwa sababu tosha ya kulipa kiingilio Nakivubo.

Mwaka 1976 KCC ilitwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza. Omondi alikuwa na miaka 19. Ni mwaka unaostahili kuangaliwa kwa utulivu, maana ndio mwaka ambao jina la Kikenya ndani ya Kampala lilikuwa mzigo mzito kuliko wakati wowote.

Februari mwaka huo Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda kihistoria. Alikuwa akirejea mpaka ule wa kabla ya 1902. Nairobi ilijibu kwa ukali, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakasusia mizigo ya Uganda, na Amin akarudi nyuma. Julai makomando wa Israel waliruka hadi Entebbe kuwaokoa abiria waliotekwa, na ndege zao zikapitia Nairobi kuongeza mafuta wakati wa kurudi. Amin aliwageukia Wakenya waliokuwa ndani ya Uganda. Mamia waliuawa na maelfu wakakimbilia mpakani. Waliosalia walijifunza kunyamaza, kubadilisha lafudhi, kutotaja walikotoka.

Mtu hawezi kubadilisha lafudhi ya jina linalosomwa kwenye kipaza sauti cha uwanja. Msimu ule, na misimu iliyofuata, jina la Omondi lilitangazwa Nakivubo mbele ya maelfu ya watu, wakiwemo maofisa wa utawala ule ule, na likashangiliwa. Haitakuwa sahihi kusema kwamba mpira ulimfuta ukabila wake. Ulimpa kinga. Kinga hiyo haikumfikia karani wa reli wa Nsambya aliyekuwa na jina la aina hiyo hiyo lakini hakujua kupiga chenga.

Utawala wa Amin ulikuwa na uhusiano wa ajabu na mpira. Amin alipenda michezo, aliwahi kuwa bondia, na alitaka timu ya taifa ishinde. Cranes walihudumiwa vizuri kuliko timu nyingi za eneo hili. Lakini serikali hiyo hiyo iliipiga marufuku Express, klabu yenye mashabiki wengi zaidi, kwa kuiona kuwa kichaka cha wapinzani. Wachezaji wa Express wakatawanyika. Jimmy Kirunda, beki na nahodha wa taifa, alihamia KCC, akasogezwa mbele kuwa mshambuliaji, na mwaka 1978 akafunga mabao 32 kwenye ligi. Rekodi hiyo ya beki mpaka leo inasumbua washambuliaji wa Uganda.

Kwa timu ya taifa, hiyo ilikuwa enzi ya vikombe. Uganda ilichukua Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mwaka 1973 mjini Kampala, 1976 Zanzibar, na 1977 Mogadishu. Lakini kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika ilikuwa ikiaibika. Misri 1974 ilitoka hatua ya makundi. Ethiopia 1976 ilipoteza mechi zote tatu. Wapenzi wa mpira wa Kampala walikuwa wamezoea timu inayotamba Kanda na kunyauka ikivuka mipaka ya kanda.

KCC nayo ilikuwa ikipanda. Ilitetea ubingwa wake 1977. Mwaka 1978, kwenye mashindano ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati yaliyofanyika Kampala, iliitoa Simba ya Dar es Salaam kwenye fainali kwa penalti baada ya kutofungana. Ilikuwa klabu ya kwanza ya Uganda kulitwaa kombe hilo. Miaka miwili mfululizo kabla ya hapo kombe lilikuwa mikononi mwa Luo Union ya Kenya, timu iliyobeba jina la kabila la Omondi mwenyewe. Miaka miwili baadaye serikali ya Kenya ilitaka klabu ziache majina ya kikabila, na Luo Union ikawa Reunion. Kwa hiyo kwa muda mfupi wa miaka ya 1970, Mjaluo maarufu zaidi wa soka la Kampala alikuwa kwenye timu ya wazoa taka wa Waganda, akilitolea jasho kombe ambalo Wajaluo wenzake walikuwa wakilirudisha Kenya. Hakuna ushahidi kwamba jambo hilo lilimkosesha mtu usingizi.

Machi 1978 Uganda ilisafiri kwenda Ghana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuvunjika mwaka uliotangulia. Mashirika yaligawanywa, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na kila nchi ilikuwa ikijitafutia injini za treni. Kocha wa Cranes alikuwa Peter Okee. Kirunda alikuwa nahodha. Golini alikuwapo Paul Ssali, nyuma Tom Lwanga, katikati Moses Nsereko, na mbele Abbey Nasur, Godfrey Kisitu na Omondi. Hakuna aliyewapa nafasi.

Walipangwa Kumasi pamoja na Kongo ya Brazzaville, Tunisia na Morocco. Walianza kwa kuifunga Kongo mabao 3-1. Tunisia, ambayo miezi mitatu baadaye ingeifunga Mexico kwenye Kombe la Dunia kule Argentina, iliwarudisha chini kwa 3-1. Ikabaki Morocco, na Morocco ilikuwa bingwa mtetezi. Uganda ilihitaji kushinda. Ilishinda 3-0. Bingwa wa Afrika akarudi nyumbani kutoka hatua ya makundi, na Uganda, timu isiyokuwa imeshinda mechi hata moja kwenye mashindano mawili yaliyopita, ikamaliza kileleni mwa kundi.

Nusu fainali ilichezwa Kumasi dhidi ya Nigeria. Nigeria ilikuwa na Segun Odegbami pembeni na Christian Chukwu nyuma, na ilitoka kwenye nchi yenye watu wengi kuliko nchi zote za Afrika. Nasur aliifungia Uganda mapema. Nigeria ikasawazisha mwanzoni mwa kipindi cha pili kupitia Martins Eyo. Kisha, dakika chache tu baada ya hapo, Omondi akafunga la pili. Uganda ikashikilia 2-1 mpaka filimbi ya mwisho.

Bao hilo ndilo zito zaidi katika historia ya mpira wa Uganda. Hakuna bao jingine, kabla wala baadaye, lililoipeleka nchi hiyo kwenye fainali ya Afrika. Na lilifungwa na kijana wa miaka 20 au 21 ambaye, kwa hesabu za 1970 na za Julai 1976, hakutakiwa kuwa Kampala.

Fainali ilichezwa Accra mbele ya wenyeji. Opoku Afriyie aliifungia Ghana mabao mawili, moja kila kipindi, na Uganda haikupata hata moja. Ghana ikachukua ubingwa wake wa tatu na kukabidhiwa kombe la kwanza la mashindano hayo moja kwa moja. Kuhusu mshindi wa tatu, historia ina kichekesho chake: Watunisia walitoka uwanjani wakilalamikia bao la kusawazisha la Nigeria, hawakurudi, na Nigeria ikapewa nafasi hiyo.

Mashindano yalipomalizika, wachezaji watatu walikuwa wamefungana kileleni kwa mabao, kila mmoja akiwa na matatu: Afriyie wa Ghana, Odegbami wa Nigeria na Omondi wa Uganda. Hakuna Mganda mwingine aliyewahi kuwa mfungaji bora wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Kwa mizani ya sasa ya soka, mchezaji wa namna hiyo angekuwa na mawakala mlangoni kabla ndege haijatua Entebbe. Mwaka 1978 hapakuwa na mawakala. Uganda yenyewe haikuwa mahali ambapo watu wa Ulaya walikwenda kutafuta wachezaji.

Miezi saba baadaye, Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Aprili 1979 jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala. Maduka yaliporwa, mishahara ikakosa maana, na ligi ikaendelea kama gari bovu linaloshuka mteremko. Wachezaji wa kizazi cha Kumasi walianza kutafuta riziki mahali pengine, na mahali penyewe palikuwa Ghuba. Falme za Kiarabu zilikuwa taifa changa lenye mafuta, uwanja mpya na fedha. Kirunda alikwenda Abu Dhabi. Omondi alikwenda Sharjah.

Kwa msomaji wa pwani safari ya Uarabuni si ajabu, kwani jahazi limekuwa likikata njia hiyo karne nyingi. Kwa mchezaji wa Kampala ilikuwa ni jambo jipya. Omondi aliingia kwenye kundi la kwanza la wachezaji wa Uganda waliolipwa kwa kucheza mpira nje ya nchi. Fedha ya Sharjah ilikuwa na thamani ambayo shilingi ya Uganda ilikuwa imeipoteza, na kama walivyofanya walimu, madaktari na wahandisi wa Uganda wa miaka hiyo, mchezaji naye aliiacha nchi ili aweze kuendelea kuishi. Swali ambalo mashabiki hawajaacha kuuliza ni angekuwa nani kama angekwenda Ulaya badala ya Ghuba. Ni swali la haki lakini halina jibu, na lina dharau kidogo ndani yake kwa Sharjah, iliyompa kazi wakati ambapo Ulaya haikuwa hata ikitazama.

Alirudi, na alirudi KCC. Wangeweza kumtafutia visingizio: nchi ilikuwa vitani tena, waasi wa Yoweri Museveni wakiwa msituni Luweero tangu 1981, na Kampala ikiwa na vizuizi vya barabarani na milio ya risasi usiku. KCC ya miaka hiyo iligawana vikombe na Villa. Njano ilichukua ligi 1981, 1983 na 1985. Villa ilichukua 1982 na 1984, kisha kuanzia 1986 ikajifungia ligi yake peke yake kwa muda mrefu. Kombe la Uganda lilirudi KCC mwaka 1984 na tena 1987. Derby ya KCC na Villa ndiyo iliyokuja kuwa tukio kubwa la jiji, na Omondi alikuwa upande wa njano, sasa akiwa mkubwa miongoni mwa vijana waliokuwa watoto wakati akifunga Kumasi.

Miguu ilipochoka hakuiacha klabu. Aliifundisha. Mfumo wa klabu ya halmashauri una faida moja ambayo klabu za matajiri hazina, nayo ni kwamba mchezaji wa zamani anaweza kubaki ndani ya nyumba. Una ubaya pia. Halmashauri hulipa kama halmashauri. Wengi wa kizazi cha 1978 walizeeka, na wengine walikufa, bila fedha inayolingana na majina yao, na Uganda imeendesha michango ya hospitali na ya mazishi ya wachezaji wake wa zamani mara nyingi mno. Kila maadhimisho ya Accra yanapofika, wanasiasa hutoa ahadi, na ahadi hizo zina historia ndefu kuliko fainali yenyewe.

Omondi alikufa tarehe 21 Aprili 1999. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, miezi saba baadaye, marais wa Kenya, Tanzania na Uganda walikutana Arusha kusaini mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba ulianza kutumika Julai 2000. Itifaki ya soko la pamoja, inayompa raia wa nchi moja mwanachama haki ya kwenda kufanya kazi katika nchi nyingine, ilianza Julai 2010. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuvuka Busia akiwa na kitambulisho chake cha taifa tu. Haki ambazo familia za Nakawa, Naguru na Nsambya zilinyang'anywa mwaka 1970 zimeandikwa sasa kwenye karatasi. Omondi aliishi maisha yake yote bila karatasi hiyo.

Baada yake njia imekuwa pana. Emmanuel Okwi na Hamis Kiiza walitoka Uganda wakawa vipenzi wa Dar es Salaam, Kiiza akizichezea Yanga na Simba zote mbili na akapona. Khalid Aucho akaishika injini ya Yanga. Meddie Kagere alizaliwa Uganda, akaichezea timu ya taifa ya Rwanda, akafunga mabao Gor Mahia na kisha Simba, na hakuna aliyeona haja ya kumpangia kabila. Kwa vijana hao kuvuka mpaka ni mkataba na tiketi. Bado, kila msimu wa uchaguzi katika nchi zetu, husikika sauti inayouliza jina fulani ni la wapi hasa, na hapo ndipo wakubwa wa shirikisho wangefaa kukumbushwa ni nani aliyefunga Kumasi.

Uganda nayo ilikaa muda mrefu bila kuliona tena Kombe la Mataifa. Iliposhuka uwanjani Gabon mwaka 2017, ilikuwa imepita miaka 39 tangu Accra. Watu walizaliwa, wakaoa na kupata watoto, bila kuiona Cranes kwenye mashindano hayo. Katika miaka yote hiyo picha pekee ya mafanikio waliyokuwa nayo ilikuwa ile ya nyeusi na nyeupe ya 1978.

Uwanja wa Lugogo ulipewa jina la Phillip Omondi kwa heshima yake. Kwa muda jina la kampuni ya televisheni lilichukua nafasi hiyo, kama ilivyo kawaida ya biashara, na watangazaji wakawa wanasema jina la king'amuzi. Kisha kampuni ya simu iliyofuata ikaingia mkataba na kukubali jina lake litangulie tu, Omondi abaki nyuma yake. Kwa hiyo leo jina limerudi, likiwa limebanwa na tangazo.

Mitaa ya Nakawa na Naguru ilibomolewa mwaka 2011 kupisha mradi wa ujenzi, na wakazi wake wakatawanyika kwenye vitongoji vingine vya jiji. Ligi inachezwa Lugogo hatua chache kutoka hapo. Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika limepangwa kufanyika Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, kwa ombi lililopewa jina la Kiswahili, Pamoja. Itakuwa mara ya kwanza kwa Uganda kuwa mwenyeji wa mashindano ambayo mfungaji wake bora wa 1978, pamoja na wenzake wawili, alikuwa mwana wa Wakenya.